Shingo Ambayo Bwana Jeli Hakuipima

Hospitali nzima ilimwita Bwana Jeli, kwa ule ute baridi aliowapaka watu kabla ya kuwapitishia kichwa cha mashine ya altrasaundi. Mdomo wake haukuwa na breki. "Tulia dada, hii si mafuta ya nywele, usinilipishe saluni!" Wagonjwa walicheka, naye huku anapima.

Jumatatu akaingia mama mkwe wake, na breki zikashika zenyewe.

Mama alikuwa na uvimbe chini ya ulimi, laini kama puto lililotiwa maji. Alizungumza kama mtu aliyefumbata pipi.

"Nipime upesi, baba. Naona aibu kukuachamia hivi."

Kwa aibu, walikuwa sare. Bwana Jeli akagusisha mashine chini ya kidevu. Kifuko kikatokea kwenye skrini, cheusi tii, maji matupu. Lakini upande mmoja kilikuwa na mkia, unashuka shingoni. Kuufuata, ilimpasa kumwambia mama mkwe afungue mtandio na vifungo vya juu. Ulimi uliochekesha nusu ya mji ukagoma. Akampa mama karatasi ajifute, akaandika: "Kifuko cha maji chini ya ulimi. Shingo haina tatizo."

Shingo yenyewe hakuiona hata kwa dawa.

Jumatano asubuhi daktari wa upasuaji akamdaka kwenye korido. "Umenirahisishia kazi ya yule mama. Maadamu shingo ni safi, saa nne naufungua uvimbe kupitia mdomoni tu, dakika ishirini nimemaliza."

"Sawa, daktari," akajibu, akapiga hatua mbili kuondoka. Mkia ule ukiachwa, uvimbe utajaa tena, na mama atarudishwa kisuni. Akageuka, akamkimbilia.

"Daktari, shingo sikuipima. Niliandika tu."

"Uliandika tu?"

"Ni mama mkwe wangu."

Daktari akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Kwa hiyo ningemkata kombo kwa sababu ya adabu zako? Nenda ukamwambie mwenyewe. Kisha umpime."

Wodini, mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amepakata mkoba wa mama yake. Bwana Jeli akasimama mbele yao kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani.

"Mama, nisamehe. Juzi sikukupima shingo. Niliona haya kukwambia ufungue mtandio, nikaandika uongo."

Mkewe akafungua mdomo, mama akamshika mkono. Kisha akaanza kuufungua mtandio mwenyewe, taratibu.

"Kumbe ni hilo tu?" akasema. "Wewe hunyamazi hata msibani. Ulivyonyamaza juzi, nikajua umeona saratani, unanificha. Siku mbili sijapata usingizi, baba. Nimeshagawa hadi vyombo vyangu."

Bwana Jeli akawafungulia mlango.

Walipofika chumba cha kipimo akaminya jeli kiganjani kwanza, ipate joto. Hakuwahi kumfanyia hivyo mgonjwa yeyote.

"Bado ni baridi kidogo, mama," akasema, macho sakafuni.

"Paka," mama akasema. "Na safari hii uangalie."