Mbuzi Asiye na Baka

Nilikuwa mtoto wa kuamia ndege wasile nafaka shambani, kule Pate, mwaka ule mvua ilipotukimbia. Ilikuwa miaka ya hamsini. Ndege wenyewe walihama, maana mtama haukutoa hata suke, nami nikashinda nikichimba mizizi na Mama. Baba alikwisha kufa. Tulibaki na Bibi, mamake Baba, na ndugu yangu mchanga, Shee, aliyeishi kwa maziwa ya mbuzi wetu kwa kuwa titi la Mama lilikauka.

Wazee wakakata shauri mji uzinguliwe: mnyama mweusi asiye na baka azungushwe mji mzima kwa uradi, kisha atindwe, nyama wagawiwe maskini, mvua ije. Na ajabu ya Mungu, ng'ombe wa mabwana wa nyumba za mawe wote walionekana wana kasoro! Huyu ana doa kwatoni, yule ana nywele nyeupe mkiani. Mbuzi wetu ndiye aliyekuwa safi. Mnyonge hana haki, nyie.

Mzee wa mtaa, Bwana Lali, akaja mlangoni kumtaka.

"Na huyu kijana mchanga atakunywa nini, Bwana?" Mama akauliza.

"Mungu hamtupi mja wake, Bi Esha."

Mama akaishika kamba. "Simtoi."

Bibi akamsogelea. Kwake yeye, kafara iliyokataliwa haipotei, humrudia aliyeikataa. "Itamtwaa Shee," akasema. "Mtoe, mwanangu. Mtoe."

Mama alilia, lakini kamba akaiachia. Mama gani angethubutu?

Watoto tuliufuata msafara tukiitikia "Amina" hadi sauti zikatukauka. Nyama ikapikwa, wakagawiwa maskini, nasi tukarudi na ndaa yetu, kwani mwenye kafara haili. Maskini kuliko sisi sijui waliwatoa wapi! Uchungu huo ninao hadi leo.

Jioni Shee akalilia maziwa. Mama akayashusha masuke ya mbegu yaliyotundikwa juu ya meko tangu mavuno ya nyuma, akayatwanga, akampikia uji.

"Ukila mbegu utalima nini?" Bibi akamuuliza.

"Na akifa mtoto nimlimie nani?"

Mvua ikaja. Wallahi ilikuja, tena ya kufunga ndia, kabla mwezi haujaandama. Mji mzima ukatoka na majembe. Mama akapita nyumba kwa nyumba akiomba mbegu, akajibiwa "hatuna" na watu walio na mbegu mikononi. Uji nao haukukaa tumboni mwa Shee. Alifariki mvua inanyesha, na kaburi lake lilichimbika upesi, kwa vile nti ilikuwa laini.

"Mvua imekuya," Bibi alizidi kusema, maskini, hana jingine la kusema.

Wajukuu huniuliza kama nayaamini mambo yale. Mvua niliiona kwa mato yangu, niikane vipi? Lakini nimezeeka nikitafuta mahali ambapo Mama angefanya vingine akapona mwanawe, na sipaoni. Angemkatalia Bwana Lali, mvua ikakosekana, mbuzi akakaukiwa maziwa, Shee akafa, tungesema ni kafara imemrudia. Alitoa, na Shee tulimzika vilevile, huku mashamba ya wenzetu yakichipua.