Picha ya Kifua cha Salma

Leo nimeliona donge la damu lenye pembe nne.

Dada yangu Salma kavimba mguu tangu ajifungue, na sasa anahema. Tukampeleka hospitali, kwenye ile mashine mpya ya kupiga picha za kifua, iliyoshushwa melini.

Akaambiwa avue mapambo. Akavua, wakampiga picha.

Daktari akainua picha kwenye mwanga, kajitutumua. "Damu imeganda kwenye pafu. Donge hili hapa."

Salma akamtazama. "Bwana, hiyo hirizi yangu, imo kwenye kijaluba cha fedha hapa kifuani. Mumesema mapambo. Hirizi si pambo."

Akaivua, wakapiga tena.

Picha safi. Daktari akasema, "Mzima huyu, mrudisheni nyumbani."

Mguu hata hakuutazama.

Haya, picha imepona. Salma bado anahema.

Niambieni nyinyi, mgonjwa alikuwa nani?