Kipimo cha Jasho

Tulifundishwa watatu: daktari wa watoto, mpimaji wa maabara, na mimi muuguzi. Profesa mgeni alikuja Likasi na timu yake kutuonyesha namna ya kutafuta ugonjwa ambao shuleni tuliambiwa ni wa Wazungu tu. Mtoto anakohoa bila kupona, hanenepi, na jasho lake lina chumvi kupita kiasi. Unalitoa jasho mkononi kwa dawa na umeme mdogo wa betri, unalikusanya kwenye karatasi, kisha maabara inapima chumvi. Sisi tungepima, wao wangelinganisha na vipimo vya kwao.

Walipoondoka, hawajafika mbali, mama mmoja wa mtaa wa Shituru akaleta binti yake anayekoroma kifuani.

"Nikimubusu, iko chumvi tu," akasema. "Hata kama nimetoka kumuosha."

Nilisisimka. Nikamwomba arudi Jumatatu, mpimaji apate nafasi ya kuandaa dawa zake.

Jumatatu mpimaji hakuja. Watu wa asili ya jimbo la Kasai walikuwa wanafukuzwa mjini, naye, ingawa alizaliwa Likasi kama mimi, wazazi wake walitoka huko. Nilimkuta stesheni, yeye na mkewe wamekaa juu ya godoro, wakingoja treni katikati ya umati na moshi wa majiko. Niliwapelekea mkate.

"Ule mutoto mulimupima?" akaniuliza.

"Tumpime na nani?"

Akapapasa mfukoni. Kisha akanipa ufunguo wa kabati lake. "Ambia docteur aangalie rangi ya maji akipima chumvi. Ikianza kugeuka, amwage dawa polepole, tone kwa tone."

Sikumwona tena.

Daktari na mimi tulijaribu wenyewe. Mara ya kwanza jasho lilikuwa haba. Mara ya pili umeme ulikatika kabla hatujapima uzito wa karatasi yenye jasho. Mara ya tatu tukapata jibu, na chumvi ilikuwa juu sana. Daktari akampata profesa kwa fonia, ile redio ya misheni, nami nimesimama kando yake.

"Jibu moja halitoshi," profesa akasema. "Rudieni."

"Dawa imeisha, Profesa. Na mpimaji wetu amefukuzwa."

"Pole sana. Tutawaandalia mafunzo mengine."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nimekasirika hata machozi hayakutoka.

Mafunzo yalikuja kweli, na picha zilezile ukutani. Dawa hazikuja. Nilipouliza, nikaambiwa hizo ni za awamu ijayo.

Hatukungoja. Nilimfundisha yule mama kumlaza binti kifudifudi asubuhi na kumpigapiga mgongo hadi makohozi yatoke, na kuongeza chumvi kwenye uji, kurudisha ile inayopotea kwa jasho. Dawa ya kifua tulimpa ilipopatikana. Alianza shule, akajua kusoma jina lake, halafu msimu mmoja wa mvua kifua kikamshinda, tukamzika.

Katika utafiti wao hayumo. Hakuthibitishwa.