Nilivyong'oa dirisha la mjane Msambweni kwa sababu ya riwaya ya kutisha

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Ninayoyaandika yamenikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa, na mashahidi wote wako hai na bado wananicheka.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtoto wa Ukunda, nina diploma ya uendeshaji wa hoteli. Doha nimekaa miaka minane, nikaanzia kutandika vitanda hadi kusimamia ghorofa sita. Nikiwa huko huko nikajenga karibu na Kona ya Musa, na hakuna mtu aliyenisaidia hata msumari. Mwaka huu nimerudi. Sebuleni nina kabati la vitabu, wageni huuliza kama nauza.

Ninachosoma ni riwaya za kutisha za gothic na zile thriller za polepole, ambazo nyumba yenyewe inakutisha kabla mtu yeyote hajafa.

Maoni yangu ni haya: waandishi wa riwaya hizi wanategemea mno mvua na usiku. Kwetu Pwani usiku hautishi. Kuna watu barazani, kuna kahawa, kuna redio ya jirani. Kinachotisha ni saa nane mchana. Watu wameshiba wamelala, jua limesimama, hata kuku hawasemi, na pazia la mlango linatikisika bila upepo. Atakayeandika riwaya ya saa nane mchana nitanunua nakala zake kumi.

Hilo bado naliamini. Ndilo lililoniponza.

Mama mdogo alinitafutia mchumba Msambweni, Mwanasha, mwalimu wa chekechea. Ana maneno machache na macho ya kukupima. Wakuu, nilimpenda siku ya kwanza. Babake, Mzee Hamisi, akasema tusiharakishe. Nije na mama mdogo kila Ijumaa baada ya swala, tule pamoja, wanitazame, kisha posa itasikilizwa.

Nyumba yao ni ya mawe, ya zamani, kuta nene. Upande wa baraza kuna chumba ambacho dirisha lake la mbao halifunguliwi. Kila nikija, Mama Mwanasha hupita na sinia ya chakula, huingia humo, hutoka mikono mitupu. Hakuna aliyeniambia nani yumo. Nami mgeni, mwanamume, sikuona heshima kuuliza habari za wanawake wa ndani.

Ijumaa ya tatu tumekula pilau. Mzee kalala kitini, wanawake wako jikoni. Saa nane kamili. Mimi barazani na simu, nasoma sura ambayo mwanamke amefungiwa na jamaa zake katika jumba kubwa, na shujaa anasitasita mpaka unataka kumpiga kofi.

Nikainua macho. Kwenye upenyo wa dirisha, uso wa mwanamke. Nguo nyeupe tupu, hana dhahabu, hana wanja. Akaniona, akarudi gizani.

Mimi si wa kusitasita. Doha niliwahi kuona moshi nikatoa wageni wa ghorofa nzima nje kwa dakika chache, ingawa ulikuwa wa mkate ulioungua.

Nikasogea, nikanong'ona: "Mama, usiogope. Najua wamekufungia. Gonga ukutani mara mbili nikutoe."

Akagonga. Si mara mbili, kama mara ishirini.

Nikasema huyu amekata tamaa kabisa. Nikashika ubao, nikavuta kwa nguvu zote za pilau. Bawaba zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari siku nyingi. Dirisha zima likatoka, nikabaki nalo mikononi. Ndani, yule mama amejifunika leso gubigubi, bado anagonga ukuta kuwaita watu wa jikoni, maana hakutaka kupaza sauti mbele ya mwanamume asiye maharimu wake.

Mama Mwanasha akatokea na mwiko. Akanitazama, akalitazama dirisha.

"Baba," akasema taratibu, "dirisha la mjane unalipeleka wapi?"

Hapo akili ikarudi. Bi Mwanajuma, mke wa marehemu ndugu yake Mzee Hamisi, yumo eda. Miezi minne na siku kumi hatoki ovyo, hajipambi, haposwi. Haya nayajua tangu chuoni kwa maalimu. Msiba wenyewe mama mdogo aliniambia nikiwa bado Doha, alipoanza kunitajia nyumba hii, na rambirambi nilituma. Nilisahau kwa sababu ya sura ya kumi na moja.

Mzee Hamisi aliamka. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Umekuja kwa binti yangu ama kwa mke wa ndugu yangu? Maana huyo kwa sasa hata kuposwa ni haramu."

Mama mdogo akaanza kutafuta viatu vyake.

Sikuwa na utetezi ila ukweli. Nikasema ni kitabu. Mzee akataka akisikie hicho kitabu. Nikasimulia nimesimama, dirisha mikononi, kuanzia sura ya kwanza. Mwanasha alikuwa mlangoni, ameuma ncha ya mtandio, mabega yanatikisika. Sikujua ni kilio au kicheko.

Nilipofika kwa shujaa anayesita, Mzee akanikata, akasema uamuzi ni wa aliyekosewa. Mwanasha akaingia ndani, akatoka na jibu.

"Anasema ulirudishe leo, kwa mkono wako. Kisha usikanyage hapa mpaka atoke eda. Nawe ukae yako." Akaongeza: "Na anauliza, yule mama wa kitabuni alitoka?"

Zilikuwa zimebaki wiki sita. Nimezikaa. Kila alasiri nilimsimulia Mwanasha sura moja kwa simu, naye akaipeleka ndani kwa Bi Mwanajuma, akanirudishia hukumu yake. Kuhusu mwanamke wa jumba: "Hana majirani? Siku tatu haonekani, na hakuna aliyekuja kupiga hodi?" Kuhusu shujaa: "Mwacheni asite. Asiyesita tumeshamwona."

Wakuu, kwa usomaji wangu wote, hilo la majirani sikuwahi kuliwaza. Hofu yote ya riwaya hizi inasimama juu ya jambo moja: hakuna anayekuja kuuliza hali. Weka mtu mmoja wa kupiga hodi, kitabu kinaisha ukurasa wa kumi.

Juzi Bi Mwanajuma ametoka eda. Jana mama mdogo amepigiwa simu, tupeleke posa Ijumaa. Masharti mawili: nikae katikati ya ukumbi, mbali na madirisha, na nije na riwaya mpya, maana zangu Bi Mwanajuma amezimaliza.

Nililojifunza: soma sana, lakini kabla ya kumwokoa mtu, muulize mwenye nyumba.

Sasa nisaidieni, Ijumaa si mbali. Mwenye gothic nzuri ataje hapa chini. Iwe na jirani angalau mmoja.