Kifaa Kilichonyweshwa Maziwa

Mdogo wangu Osea ni fundi wa kuchomelea hapa Tunduma. Ukiona geti lenye maua yaliyonyooka, uliza, utaambiwa ni lake. Nilimlea mwenyewe kule Mbozi, kwenye kahawa za baba, kwa hiyo nikimsema namsema wangu. Tangu utoto hataki kuigwa. Darasa la pili alikuwa akiandika huku kafunika daftari kwa mkono, na majibu yenyewe ya kukosa.

Ndiyo maana akawa anachomelea ndani, mlango kafunga, dirisha kaziba kwa bati, Samwel, fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara, asije akamwibia maua. Moshi ukabaki humo humo naye. Kikohozi chake nilikisikia kabla sijafika uani. Dawa yake ilikuwa kikombe cha maziwa, asubuhi na jioni, kama mafundi wenzake, ati yanasafisha kifua.

Mwaka huu akaja binti mmoja, Imelda, mpimaji wa afya za watu kazini. Akamfunga Osea kifaa kiunoni, kidogo kama redio ya mkononi, chenye mpira mwembamba unaopanda mpaka kwenye kola.

"Baba, hiki kinavuta hewa unayovuta wewe. Jioni tutajua kifua chako kinalishwa nini."

Osea akaitikia vizuri tu. Binti alipotoka akanigeukia.

"Dada, huyu akikuta moshi atanifungia kazi. Nitakula nini? Nirudi kupalilia kahawa yako?"

"Kahawa yangu haipaliliwi na mtu anayekohoa hivyo."

Jioni Imelda akarudi. Kifaa kimya. Akakitikisa, kikalia kama mtu mwenye kwikwi, na kwenye mpira likadondoka tone jeupe.

"Baba, umekifanyaje?"

"Nimekinywesha."

"Umekinywesha!"

"Si umesema kinavuta ninachovuta? Basi na kinywe ninachokunywa. Unataka upime kifua kisichokunywa maziwa, halafu useme ni changu?"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Imelda alijikaza, akashindwa.

"Baba yangu, maziwa yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda kifuani. Havikutani."

Kesho yake akaleta kingine. Nikakaa pale pale kukilinda, na maziwa yote nikanywa mimi. Jioni binti akafungua kidude cha kwenye kola, ndani mna karatasi ya duara. Asubuhi ilikuwa nyeupe kama kitambaa cha meza ya kanisani. Sasa ilikuwa kama tako la sufuria ya makande.

"Hii ni ya siku moja?" Osea akauliza.

"Ya leo tu. Naipeleka ikapimwe. Lakini sikuja kukufungia kazi, baba. Nataka uifanyie nje."

Osea akavua kofia, akaiinamia ile karatasi. Hivyo sijamwona tangu tulipomzika mama. Asubuhi akaburuta mashine yake mpaka nje kwenye upepo, akavaa barakoa aliyoachiwa na binti.

Samwel naye akahamishia kiti chake barabarani, anatazama bila haya. Siku hizi mageti yake yana maua ya Osea, ila yote yamepinda kulia. Osea akiyaona anavuta pumzi, anamtukana Samwel mpaka wanasikia forodhani, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zamani kikohozi kingemkamata hata tusi la kwanza halijaisha.