Siku Niliyofunga Daftari Kabla ya Namba Tisa

Kwa miaka mingi nimeisimulia habari hii kwa uongo. Waliouliza niliwaambia kwamba suruali ilinaswa na mwamba chini ya ziwa, na kwamba chombo cha kupumulia kiliharibika chenyewe, vyuma vya Ulaya, nani anavijua. Pale chini hakuna mwamba, ni matope matupu, na chombo kilikuwa kizima. Aliyeharibu ni mimi. Wengi waliokuwa gatini siku ile wamekwisha kufa au kuhama, na waliobaki bado wananicheka, kwa hiyo sioni cha kuokoa tena, naona heri niieleze kwa mpangilio kama ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa fundi wa kompresa katika karakana ya bandari hapa Bukavu, mtu wa miaka arobaini na miwili, baba wa watoto watano, nakaa Kadutu. Shule niliishia darasa la nne. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa kunakili kila karatasi ya Kifaransa iliyofika ndani ya masanduku ya mitambo (mke wangu, Maman Véronique, alikuwa akisema siku nikifa watanizika pamoja na makaratasi yangu yanayonuka grisi). Katika karakana yetu kulikuwa na sheria niliyoiandika mimi kwa chaki juu ya mlango: kazi ikiisha, vishikio vyote vishushwe chini. Kishikio kikiwa chini, mtambo umelala. Niliisimamia sheria hiyo kwa miaka sita, mpaka mkono wangu ukawa unashusha vishikio bila kuniuliza mimi mwenyewe. Naomba msomaji aikumbuke sheria hiyo.

Sasa, bandari ilikuwa imeagiza kutoka Ulaya chombo cha kuzamia: mtungi wa hewa wa kubeba mgongoni, mipira miwili ya kupitisha pumzi, miwani kubwa, viatu vya mpira vyenye umbo la miguu ya bata, na mkanda wa vipande vya risasi wa kumvuta mzamiaji chini. Mzungu aliyeagiza alirudi kwao kabla sanduku halijafika, na sanduku likakaa katika bohari miezi minane. Mimi ndiye niliyelifungua. Mimi ndiye niliyenakili kitabu chake chote, saa za mapumziko ya mchana, kisha nikaomba ruhusa na kila Jumapili baada ya misa nikaingia majini, kwanza hadi kiunoni, kisha mita mbili, kisha tano, hadi nikaweza kukaa chini nikihesabu mawe.

Ndipo elisi ya meli, lile pangaboi la shaba linaloisukuma, ilipowaponyoka mafundi walipokuwa wakiibadilisha, ikazama kando ya gati, mita kumi na moja. Meli haiwezi kutembea bila hiyo. Mkuu wa karakana alikuwa Mbelgiji tuliyemwita Bwana Saa, kwa sababu hakuweza kuzungumza na mtu bila kutazama saa yake. Aliniita, akaniambia kwa Kiswahili chake kwamba nikiifunga elisi kamba ikapanda, nitaandikwa mzamiaji wa bandari, kazi ambayo hakuna mtu mweusi aliyekuwa nayo katika ziwa lote. Nikishindwa, yuko kijana wa Kibelgiji anayeitaka. Nilirudi nyumbani nikajihesabu kuwa nimekwisha kuipata.

Hapo ndipo nilipofanya jambo la kipumbavu la kwanza: nilituma habari Nyangezi kwa mama mkwe, aje aone. Mama huyo hakuwahi kuniamini. Aliwahi kumwambia binti yake kwamba mume anayesoma karatasi za mashine hatalima kamwe, na ni kweli sikulima. Nilitaka aone kwa macho yake.

Kwa kuwa anakuja, sikuweza kuvaa kile kichupi wanachovaa Wazungu wakiogelea. Kwetu mapaja ya mkwe si kitu cha mama mkwe kutazama. Hata mama mkwe akipita njiani tu, mtu hujifunika vizuri. Nikachagua suruali yangu ndefu ya kaki. Mkanda wa risasi uliotoka Ulaya ulikuwa wa mpira, nao kwa kukaa sandukuni ulikuwa umepasuka karibu na kifungo, nikaukataa (katika hilo nilikuwa sahihi, na bado nasema nilikuwa sahihi). Nikavitoa vipande vya risasi nikavipanga kwenye mkanda wangu wa ngozi, ule niliouvaa siku ya harusi, wenye bizimu imara, na ili usiteleze nikaupitisha kwenye vitanzi vya suruali. Kalisoni yangu, yaani nguo ya ndani, niliiacha kavu ndani ya mfuko, niivae nikitoka majini, maana mtu wa utaratibu hufikiria na ya baadaye.

Daftarini nilikuwa nimeandika mambo kumi na manne ya kukagua kabla ya kuzama. Namba sita ilisema mkanda ufunguke kwa mkono mmoja. Niliujaribu, ukafunguka. Namba tisa ilihusu akiba. Mtungi ule ulikuwa na kishikio kidogo kinachovutwa kwa fimbo ya chuma iliyoteremka ubavuni. Kikiwa juu, kinaibana hewa ya mwisho ndani ya mtungi. Pumzi ikianza kuwa nzito, mzamiaji anavuta fimbo, kishikio kinashuka, hewa ile iliyobanwa inamrudisha juu salama. Lakini wakati wa kujaza mtungi sharti kiwe chini. Asubuhi ile nilijaza mtungi mwenyewe (kompresa yetu ilifika nusu tu ya kipimo, nikapiga hesabu, dakika ishirini zinatosha), nikazima, nikatoka.

Gatini watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu nilikuwa nimewaambia wengi kuliko nilivyopaswa. Wafanyakazi wote wa karakana, wake zao, wanaume wa kwaya ya parokia yetu, na mbele kabisa Maman Véronique na mama yake, aliyejifunga kitambaa cheupe kichwani kama siku ya Pasaka. Nikabeba mtungi, nikafungua daftari, nikaanza kusoma kwa sauti, namba moja, nikagusa, namba mbili, nikagusa.

Nilipofika namba tano, Déo, mchomeleaji wetu, mtu asiyeweza kukaa kimya hata kanisani, akauliza kutoka nyuma:

"Papa Gaspard, iko misa? Tukujibu amina?"

Wakacheka. Namba sita wakaitikia amina kweli, kwaya nzima, kwa sauti nne. Namba saba vilevile. Mama mkwe akamwinamia binti yake akamuuliza jambo, na mimi nikajua, au nilidhani najua, kwamba anauliza kama mkwe wake hajui kazi mpaka asome. Nilipomaliza namba nane, Bwana Saa akainua mkono wake.

"Gaspard, wewe nasoma ama wewe nazama? Saa naenda. Akiba iko muzuri?"

Hapo ndipo penyewe. Kidole changu kilikuwa juu ya namba tisa. Ningeweza kumwambia ngoja, Bwana, niangalie. Ingenichukua muda wa kupiga chafya. Lakini nilifunga daftari, nikampa Déo alishike, nikasema kama mtu aliyezaliwa na mtungi mgongoni:

"Iko muzuri, Bwana."

Nikaingia.

Ya chini sitayarefusha. Nilishuka kwa kuifuata kamba iliyofungwa jiwe, nikaiona elisi imelala ubavu, nusu imezikwa. Matope yalivuruga maji nikawa nafanya kazi kwa kupapasa. Nilichimba kwa mikono, nikapitisha kamba katikati ya mapanga yake mawili, nikafunga fundo, nikalijaribu kwa uzito wangu wote, likakaza. Nilikuwa nimepiga hesabu ya dakika ishirini kwa pumzi ya mtu aliyetulia wa kwenye kitabu, sio ya mtu mwenye mama mkwe juu ya kichwa. Pumzi ikawa nzito. Sikuogopa, kitabu kilisema itakuwa nzito, na kilisema la kufanya. Nikapeleka mkono ubavuni nikavuta fimbo.

Haikusogea. Nikavuta tena. Haikusogea kwa sababu haikuwa na mahali pa kwenda: kishikio kilikuwa chini tangu asubuhi, kwa mujibu wa sheria ya mlangoni, na akiba nilikuwa nimekwisha kuivuta pamoja na hewa nyingine bila kujua.

Kitabu kilisema, ukikosa hewa, fungua mkanda wa risasi uanguke, panda, na uwe unapuliza pumzi nje njia nzima ili mapafu yasipasuke. Nikafungua bizimu kwa mkono mmoja, namba sita, barabara kabisa. Mkanda haukuanguka. Ulikuwa umeshikwa na vitanzi vya suruali, kwa hiyo ulichoanguka ni suruali pamoja na mkanda pamoja na risasi, ikaishia kwenye viatu vya bata ikakwama hapo, na mimi nikawa nimefungwa miguu kwa kilo nane za uzito, mita kumi na moja chini, kwa mkanda wangu wa harusi. Nikajikunja, nikavua kiatu kimoja, kikaniponyoka kikaelea juu peke yake. Nikavua cha pili. Suruali ikaenda. Nikapanda nikipuliza, polepole, kama nilivyonakili. Katika hayo yote sikukosea hata moja, ila hakuna aliyekuwapo kuona.

Juu walikuwa wameona kiatu kikiibuka bila mguu, na Maman Véronique alikuwa ameanza kunililia kama maiti. Kwa hiyo nilipotokeza kichwa walishangilia, Bwana Saa mwenyewe akapiga makofi. Kisha makofi yakapungua. Maji ya Kivu ni maangavu, hasa saa tano za asubuhi jua likiwa juu, na mimi nilikuwa nimeshika ngazi ya chuma, nimesimama wima ndani yake kama samaki ndani ya glasi.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Déo.

"Amina," akasema.

Sitaeleza kicheko kile. Nilitazama upande mmoja tu. Mama mkwe alikuwa amekwisha kugeuka, amelipa ziwa mgongo, anaitazama milima, na kile kitambaa cheupe hakikutikisika. Bwana Saa akaniambia nipande. Nikamwambia siwezi. Akasema saa inaenda. Ndipo mke wangu akajifungua kikwembe, kitenge chake cha juu, akasogea hadi ukingoni mbele ya wanaume wote, machozi hayajakauka.

"Papa Gaspard, kamata. Jifunge, upande, tuende kwetu."

Nikapanda ngazi nimejifunga kikwembe chenye maua, mtungi mgongoni. Bwana Saa hakucheka. Alizunguka nyuma yangu, akatazama kishikio, akakigusa kwa kidole.

"Mimi niliuliza wewe," akasema. "Wewe nasema iko muzuri."

Ningeweza kumwambia jambo gani? Kwamba fundo limefungwa? Nilimwambia. Akawaamuru wazungushe mashine ya kuvutia kamba, na elisi ikapanda, nzima, inatiririka matope, fundo limekaza kama lilivyopaswa. Lakini kwenye moja ya mapanga yake ilikuwa imening'inia suruali yangu ya kaki, miguu miwili inapepea, na tangu siku hiyo watu wakisimulia jinsi elisi ilivyopatikana husimulia suruali. Fundo halimo katika masimulizi yao. Nimesikiliza kwa makini, halimo.

Mama mkwe aliondoka mchana uleule kurudi Nyangezi. Hakunilaumu. Kwa miaka mitatu hakukanyaga kwangu, na nilipokwenda kwake nilisalimiwa kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni, kwa kupitia mtoto.

Wiki mbili baadaye akaja yule kijana wa Kibelgiji, mwenye nywele nyekundu, hajafika miaka ishirini na mitano. Hakuwa mtu mbaya. Aliniomba nimfundishe, Bwana Saa akaniamuru nimfundishe, nikamfundisha. Hakuwa na subira ya kusoma kile kitabu kirefu, akaniomba daftari langu, nikampa. Siku yake ya kwanza kulikuwa na mnyororo wa kutafutwa palepale gatini, na watu walikuwa walewale, isipokuwa wa kwangu wawili. Mimi nilisimama kando nikimshikia taulo. Akavaa mtungi, akafungua daftari langu, akasoma kwa sauti, namba moja, akagusa, namba mbili, akagusa, hadi kumi na nne, polepole, kidole juu ya mstari, Kifaransa changu na makosa yangu ya tahajia. Hakuna aliyeitikia amina. Bwana Saa hakutazama saa. Alipofika namba tisa alipeleka mkono nyuma, akakikuta kishikio kiko chini (nilikuwa nimejaza mtungi mimi), akakipandisha.

Déo akanisogelea, akaninong'oneza kwa heshima ya kweli, bila mzaha wowote:

"Unaona muzungu, Papa Gaspard? Ule hawezi gusa kitu bila kusoma kwanza. Ndiyo maana banatushinda."

Siku hiyohiyo nilifuta ile chaki juu ya mlango. Na tangu hapo, iwe kompresa, iwe jiko la mafuta, iwe baiskeli ya kwenda Nyangezi, nasoma orodha yangu hadi mwisho, kwa sauti, mbele ya yeyote, na anayetaka kuitikia aitikie. Wanasema nimekuwa mzee wa ajabu. Daftari halikurudishwa, nililazimika kuliandika upya kwa kichwa, na namba tisa ndiyo niliyoanza nayo.