Jani Nililolikata Mpakani

Daftari hili nililianza kwa ajili ya ng'ombe: siku aliyopandwa, siku aliyozaa. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo nikiandika mambo ya moyoni sina uhakika kama nasema kweli au najipamba. Nitajaribu.

Kosa langu ni hili. Huku kwetu mlimani mpaka wa shamba ni masale, ile mimea ya majani marefu isiyokufa hata ukiikata. Shamba letu linapakana na la mama mmoja mjane, amenizidi miaka kama kumi. Masika ya mwaka aliofiwa na mumewe, nilikuwa napalilia migomba nikaona sale moja limelala kwa mvua. Nikaling'oa, nikalipanda hatua moja upande wake. Nilijiambia nalisimamisha tu. Sasa likawa limejitenga na mstari, nikasogeza la pili lifanane nalo. Mvua zinakatika, nimeshasogeza mstari wote mpaka kwenye mfereji. Kusema haki, hakuna aliyenituma. Mume wangu analinda geti huko mjini, Olasiti, huja mwisho wa mwezi, na hakuona tofauti.

Tangu hapo sikushiriki Meza ya Bwana. Miaka mitatu. Watu wakianza kwenda mbele kupiga magoti, mimi natoka nje nikikohoa. Mwinjilisti aliniuliza mara moja, nikamwambia kifua. Akakiombea kifua.

Yule mama nilimwona kila siku, na kila siku nilimpima. Akinisalimia vizuri, nasema anajua, ananitega. Akipita bila kuniona, nasema anajua, amenichukia. Mtoto wangu alipougua alituletea maziwa, nami nikayachemsha mara mbili, nikayaonja kwanza mimi. Naandika hili kwa aibu. Hakuwa amenikosea kitu.

Mwaka huu, juma moja kabla ya Pasaka, nikasema liwalo na liwe. Nilikata jani la sale, nikalipiga fundo, nikaenda kwake. Wazee wetu waliomba msamaha hivyo, na anayeletewa jani hatakiwi kukataa. Hapo pia nilijishuku: naenda kutubu, au naenda kumfunga mikono? Tena wapo kanisani wanaosema jani ni mambo ya kizamani. Labda ni kweli. Lakini maneno yangu matupu nilikuwa siyaamini hata mimi.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi za mtori.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kaa. Mbona umebeba majani? Mbuzi wangu ameshiba."

Nikampa kwa mikono miwili. Akaweka kisu chini.

"Umelikata wapi?"

"Pale mpakani."

"Basi umeniletea jani langu mwenyewe."

Alijua. Aliniona toka sale la kwanza, nimeinama, nikishindilia udongo na kutazama nyuma. Nikamuuliza kwa nini hakwenda kunishtaki kwa balozi wa nyumba kumi.

"Mwaka ule nilikuwa nimezika, sikuwa na nguvu ya kesi. Mwaka wa pili nilikuona unatoka kanisani, nikafurahi, sikufichi. Nikasema aendelee kukohoa. Huu wa tatu ndiyo nikaanza kukuonea huruma, ila mdomo ulikuwa mzito." Akalichomeka jani juu ya mlango. "Nimekusamehe. Subiri mtori uive."

Msamaha mwepesi namna hiyo ulinitisha. Nilikula mtori wake nikijiuliza kilichofichwa chini ya bakuli. Narudi nyumbani nikawa nahesabu atakayoyataka: labda migomba niliyoipanda kwenye ardhi yake, labda anangoja tuwe mbele ya mchungaji ndipo aniumbue. Nilitubu, na moyo haukupata hata nafuu.

Kesho yake asubuhi nikachukua jembe nikarudishe masale. Akaja naye, peke yake, hakuleta shahidi. Hilo nalo nikaliona ni mtego: bila shahidi, atasema lolote. Shida ikawa kupajua mahali. Mashimo ya zamani yalikuwa yameshajifukia. Nisije nikadhulumu mara ya pili, nikapima hatua moja, nikaongeza nusu upande wangu. Nilipomaliza la tatu, akaling'oa akalipanda nyuma, kwake.

"Hapo umepitiliza."

"Niache, dada. Bora ipungue kwangu."

"Ipungue kwako iongezeke kwangu, halafu mwakani mimi ndiye nitoke nje na kikohozi?"

Nilisimama na sale mkononi, udongo unadondoka. Huyu mtu hakuwa anataka kitu. Miaka mitatu nilimchunguza kama mwizi, kumbe mwizi nilikuwa mimi, naye hapo anakataa nusu hatua asiyostahili. Nikaanza kucheka. Nikalipeleka sale lile kwangu, akalirudisha, nikalivuta, akaniita mkaidi, nikamwita mkaidi zaidi. Tuliketi chini kwenye tope, wanawake wazima, tukicheka mpaka machozi. Nilipokuwa nikisikia furaha ya wokovu ikihubiriwa, nilidhani ni kitu cha wale wasio na makosa.

Mume wangu alipokuja nilimweleza yote. Alitembea mpakani mara mbili, akasema tu, "Ungeniambia." Hilo nalo ni haki yake.

Mstari tuliumaliza Jumamosi jioni, na siku ya Pasaka nilikwenda mbele. Nakiri hata pale nilijishuku: furaha iliyokuja kwenye matope, itavumilia mbele ya madhabahu? Kifua kikabana kweli, nikakohoa kikohozi cha kweli. Yule mama alikuwa amepiga magoti kando yangu. Bila kunitazama, akanishika upindo wa kitenge.

"Leo hutoki," alinong'ona.

Sikutoka. Mkate ulipofika nilifungua mikono, na kucha zangu zilikuwa bado na udongo wa mpakani.